Bi Virve na Kwaya ya Stesheni

Jumatano hii, tarehe 30 Juni 2021, Bi Virve Lepasaar, Mhadhiri Mwandamizi wa uongozi wa kwaya katika Idara yetu ya Muziki, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Kwa haki kabisa alipaswa kuondoka mwaka jana. Kwa nini hakuondoka ndiyo habari yenyewe, na wahariri wa jarida hili wamenipa kurasa mbili niieleze. Mkuu wa Idara amenisihi niandike kwa adabu. Nitajitahidi.

Kwa wafanyakazi wapya wasionifahamu, mimi ni Tiiu Randmaa, nafundisha nadharia ya muziki, na nimekaa ofisi moja na Bi Virve muda mrefu kiasi kwamba watu wa mapokezi hutuchanganya majina. Meza yake iko dirishani, yangu iko mlangoni penye upepo. Siku tuliyohamia alisema tutapokezana kila mwaka. Bado nangoja zamu yangu.

Bi Virve alizaliwa Käina, kisiwani Hiiumaa, magharibi mwa Estonia yetu, binti wa mtengeneza jibini. Alikuja hapa Haapsalu mwaka 1987 kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi. Yule mwalimu hakurudi, na Bi Virve hakuambiwa aondoke, basi akabaki. Mwaka uliofuata nchi nzima ilimiminika viwanjani kuimba ikidai uhuru wake, naye alikuwa huko Tallinn, mji mkuu, na wanafunzi wake wamejipanga kwa sauti zao. Alisema mapinduzi ni mapinduzi, lakini mtu wa besi hasimami katikati ya wasoprano.

Tangu wakati huo amefundisha waongozaji wengi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Nenda shule yoyote au kanisa lolote la mkoa huu, sikiliza kwaya yake, kisha muulize kiongozi wake. Ama alifundishwa na Bi Virve, ama anamwogopa. Vikombe alivyoletea chuo vimejaza kabati lote la korido ya chini, na ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuvitazama. Tulipomwomba picha yake akiwa na kikombe kwa ajili ya jarida hili, alikwenda kabatini akachukua cha kwanza alichokifikia. Kilikuwa cha timu ya mpira wa wavu.

Somo lake lilikuwa moja tu, na wote waliopita mikononi mwake wanalijua: sikiliza. Mwanafunzi mpya akija kuomba nafasi ya kwaya, hakuulizwa ameimba wapi. Alisimamishwa karibu na bomba la kipasha joto ukutani, lile linalovuma majira yote ya baridi, akaulizwa, “Haya, hilo bomba linaimba noti gani?” Wengi walidhani ni mzaha. Wachache waliinamisha kichwa wakasikiliza, na hao ndio waliochukuliwa, hata kama noti waliyoitaja haikuwa yenyewe. “Sauti nitawapa,” alikuwa akisema. “Masikio waje nayo.”

Matunda yake tuliyaona siku umeme ulipokatika katikati ya tamasha la Krismasi kwenye kanisa la ngome. Giza totoro, hakuna aliyeona hata pua yake. Kwaya haikupoteza pumzi moja. Kila mmoja alimsikiliza jirani yake, nao wakaenda hivyo hivyo, ubeti kwa ubeti, kama watu walioshikana mikono. Taa ziliporudi, hadhira iliona kwaya bado inaimba na mwongozaji wake amekaa benchi la mbele, amefungua kopo lake la chakula, anakula mkate mweusi na visamaki vya chumvi. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu bila hata kuona haya, “Hawakuwa wananihitaji, Tiiu. Nami nilikuwa na njaa.”

Halafu ikaja Machi ya mwaka jana. Korona ikafunga chuo, nasi tukapelekwa nyumbani kufundisha kwa kompyuta. Walimu wa piano walijikunakuna wakapata njia. Nadharia yangu mimi haina neno, unaweza kuifundisha hata kwa posta. Lakini kwaya, jamani!

Kwanza tuliambiwa kwamba kuimba chumbani ni hatari kuliko kukohoa, kwa sababu mwimbaji hutoa pumzi nyingi na kwa nguvu. Yaani kadiri mtu alivyofundishwa vizuri na Bi Virve, ndivyo alivyokuwa hatari kwa mwenzake. Basi kwaya nzima ikahamia kwenye skrini, kila mmoja jikoni kwao au chumbani kwao. Siku ya kwanza nilikuwepo kupiga piano. Sitaisahau.

Sauti ikipita kwenye mtandao huchelewa kidogo. Kidogo tu, muda wa kupepesa jicho, na watu wanaopiga soga hawaoni taabu yoyote. Lakini mwimbaji wa Bi Virve akisikia mwenzake kachelewa, anamngoja. Mwenzake naye anamsikia huyu kachelewa, anamngoja. Basi kila mtu akamngoja kila mtu, kwa upendo mkubwa. Wimbo ulianza kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Ubeti wa pili ulikuwa mwendo wa mazishi. Ubeti wa tatu ukasimama kabisa, tukabaki tunatazamana kwenye visanduku vyetu, midomo wazi. Siku hiyohiyo kwaya ya kitivo cha uchumi, ambayo haijawahi kumsikiliza binadamu yeyote, iliimba kwenye skrini mwanzo hadi mwisho ikajipigia makofi.

Bi Virve alinipigia simu jioni. “Niliwafundisha vizuri mno,” alisema, nami nikacheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Mwezi wa Juni ulipofika, keki ya kumuaga ilikuwa imeshaagizwa. Akaifuta. Alikuwa na wanafunzi watano wa uongozi wa kwaya waliobakiza mwaka mmoja, na alisema hawezi kuwaacha katikati ya mto. Mmoja wao alikuwa Annela Vaher, msichana mrefu wa maneno machache, aliyekuja kwetu hawezi kusoma noti na sasa alikuwa na kitu kwenye mikono yake ambacho mimi, baada ya miaka yote hii, siwezi kukieleza darasani. Annela alikuwa ameshapata kazi ya kufundisha muziki shuleni Hiiumaa kuanzia Agosti ya mwaka huu. Mkuu wa shule ile alimwambia waziwazi, “Uje na shahada yako mkononi, dada. Bila hiyo sikuajiri, na nafasi haitakungoja.”

Vuli ya mwaka jana tulikutana mara chache, bila kuimba, tukiwa na barakoa, madirisha wazi, tumevaa makoti. Majira ya baridi yalipoanza chuo kikafungwa tena. Hapo Mkuu wetu wa Idara, Dkt. Margus Tõnisoo, mtu mwema na mpiga tarumbeta wa kiasi, akaleta dawa yake. Kila mwimbaji alijirekodi peke yake nyumbani, wengi wao ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usisikike, huku kifaa masikioni kikimpigia mapigo, ti-ti-ti. Fundi akaziunganisha sauti zote kwa kompyuta. Zilipochezwa kwenye kikao cha walimu, kwa kweli zilikuwa nzuri. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyekosea. Margus alitabasamu mpaka masikioni. Bi Virve alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, “Hawa watu hawajawahi kukutana.”

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kanuni za chuo zinamtaka mwanafunzi wa uongozi aongoze kwaya hai mbele ya watahini watatu, na mwalimu wake atie saini kwamba imefanyika hivyo. Kwaya hai haikuwepo. Margus akapendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wanafunzi waongoze wakiwa mbele ya ile rekodi, wapigwe video, na Bi Virve asaini. Vyuo vingine vilifanya hivyohivyo, alisema, na dunia haikuanguka.

Bi Virve aliomba rekodi ichezwe tena. Akasimama mbele ya skrini, akanyanyua mikono, akaanza kuongoza, nayo kwaya ikaimba. Kisha akashusha mkono mmoja. Kwaya ikaendelea. Akakuna kichwa kwa mikono yote miwili, akavua miwani akaifuta, akamimina kahawa, akatia maziwa, akakoroga. Kwaya ikaendelea, safi kabisa, mpaka noti ya mwisho. Yeye akanywa funda lake la kahawa, akasema, “Sasa nani ameongoza hapo? Mimi sisaini.”

Tulicheka, lakini kicheko kilikufa upesi, maana sote tulijua maana ya maneno yale. Asiposaini kabla ya mwisho wa Juni, wale watano wanarudia mwaka. Annela anapoteza kazi yake. Idara iligawanyika, na mimi nilikuwa upande wa Margus. Ofisini nilimvaa Bi Virve bila simile. “Wewe unaondoka zako, Virve. Una pensheni, una nyumba ya baba yako kisiwani. Hawa vijana wana nini? Saini mbili tatu zinakupunguzia nini?”

“Nikisaini,” alisema, “nitakuwa nimewapa karatasi inayosema wanajua kitu ambacho hawajakifanya hata siku moja. Watasimama mbele ya watu hai, watanyanyua mkono, na hawatajua kitakachotokea. Ndiyo zawadi unayotaka niwape?”

“Watajifunza kazini, kama wewe!”

“Mimi nilikuwa na kwaya mbele yangu, Tiiu.”

Tulinuniana wiki nzima. Tukawa tunasalimiana kwa kichwa tu, kama majirani waliogombea mpaka.

Mwezi Mei masharti yalilegezwa na watu wakaruhusiwa kuimba nje, kila mtu mita mbili na mwenzake. Hapo Bi Virve akakumbuka stesheni. Treni haijafika Haapsalu miaka mingi, lakini lile jukwaa refu ambapo abiria walikuwa wakingoja bado lipo na paa lake zuri la mbao, lililojengwa refu vile ili wakubwa wa zamani wasinyeshewe wakishuka. Huna ukumbi wa namna ile mahali pengine: paa juu, hewa safi pande zote. Akaipanga kwaya kwa mstari mmoja, kutoka jengo la abiria hadi karibu na mwisho wa jukwaa, nyuso zikielekea relini. Tulikuja wengi kutazama, hata sisi tuliokuwa tumenuna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuona miili mizima ya watu wale, na si vichwa tu. Annela akasimama chini kwenye reli, katikati ya mstari, akanyanyua mkono.

Wimbo ukatufia palepale. Ulikuwa ugonjwa uleule wa skrini. Sauti nayo ina miguu, haifiki mwisho wa jukwaa papo hapo. Wa mwanzo wa mstari waliwasikia wa mwisho wamechelewa, wakawangoja. Wa mwisho nao wakawangoja wa mwanzo. Tulishika vichwa.

Basi Bi Virve akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani. Alikuja siku ya pili na mfuko wa pamba kutoka duka la dawa, akapita kwenye mstari akimgawia kila mwimbaji vipande viwili vya kuziba masikio. “Msisikilizane,” aliwaambia. “Tazameni mkono, basi.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, lakini mimi nilimwona, alikuwa anasema huku anatazama viatu vyao.

Na haikusaidia. Waliimba kwa pamoja, ndiyo, lakini kila mtu peke yake. Sauti zikateleza, wasoprano wakapanda, besi wakashuka. Aliyeongoza naye alisikia ncha za mstari zikija kwake zimechelewa hata pale waimbaji walipokuwa sawa, akazihimiza, wakawahi, akazizuia, wakachelewa. Wiki mbili tuliendelea na shughuli ile ya kusikitisha, huku watu wa mji wakipita na mbwa wao na kutuonea huruma.

Siku moja Bi Virve aliingia ofisini, akakaa na koti lake mwilini. Alisema, “Nitamwambia Margus kwamba nitasaini zile video.” Kisha akaongeza, “Hawa watoto hawawezi kulipia ukaidi wangu.”

Nilikuwa nimeshinda. Wiki nzima ya kununa, na nilikuwa nimeshinda. Niliumia kama mtu aliyefiwa. Nilitaka kumwambia kataa, Virve, gombana nami, lakini nikamtengenezea chai.

Kesho yake aliwaambia wanafunzi palepale jukwaani. Nilidhani watafurahi. Wanne kati yao walishusha pumzi, na nani angewalaumu? Annela alibaki anachezea ile pamba vidoleni.

“Mwalimu,” alisema, “naomba usisaini bado.”

“Annela, mwanangu, una kazi inakungoja.”

“Najua. Lakini nikifika kule nikasimama mbele ya wale watoto, niwaambie nimeongoza nini? Kabati la nguo?”

Hata Bi Virve alicheka. Kisha Annela akageuka, akatazama walikokuwa wakitazama waimbaji siku zote hizo. Kulikuwa na reli zenye kutu, magugu marefu, na kichwa cha treni cha zamani cha makumbusho. “Hivi,” aliuliza, “sisi hapa tunamtazama nani?”

Nawaambia ukweli, sote pale tulikuwa watu wa muziki, baadhi yetu wenye shahada ukutani, na hakuna aliyekuwa amejiuliza swali hilo. Kwaya hujipanga mstari na kuielekea hadhira. Ndivyo tulivyolelewa tangu chekechea, kumgeuzia mgongo msikilizaji ni utovu wa adabu. Basi katikati ya janga, wakati kukaribisha hadhira kulikatazwa na serikali, tulijipanga kwa heshima zote mbele ya hadhira ambayo hakuna aliyeialika. Sijui kama watu wengine wangefanya kosa la kijinga namna ile. Inabidi uwe umeimba maisha yako yote.

Annela akawashusha wote kwenye majani, ng’ambo ya reli. Akawapanga duara moja kubwa, nyuso ndani, migongo nje, mita mbili mtu na mtu. Yeye akasimama katikati. “Toeni pamba,” alisema. Akanyanyua mkono, wakaimba.

Sisi tuliokuwa nje tulisikia uji mtupu. Aliyekuwa karibu yetu alitupigia kelele, wa upande wa pili walisikika kama wako wilaya nyingine. Lakini nilikuwa namtazama Annela usoni. Kutoka pale alipokuwa, umbali wa kila mwimbaji ulikuwa sawa, na sauti zote zilimfikia kwa wakati mmoja. Alifungua kinywa kama mtu aliyemwagiwa maji. Wimbo ulipokwisha alitoka mbio, akasimama mita mbili mbele ya Bi Virve, barakoa imekaa upande.

“Iko pale, mwalimu! Ipo kamili! Ingia wewe usikie.”

Jamani, huyu mama alikuwa hajasikia kwaya kwa mwaka na zaidi. Nilijua anavyotamani. Akatikisa kichwa. “Nikiingia nitaanza kufundisha,” alisema. “Mtihani ni wenu. Ninyi fanyeni kwanza.”

Mtihani ulifanyika mwanzoni mwa Juni, mvua ikinyunyiza. Watahini walikuwa watatu, mkubwa wao profesa kutoka Tallinn, mwenye mwavuli mkubwa na subira ndogo. Tuliwawekea viti jukwaani chini ya paa, kama inavyostahili. Annela akaanza. Profesa akasikiliza ule uji, akitazama safu ya migongo iliyolowa, akainuka. “Samahani, mnanitania? Hii ni kwaya au ni soko?”

Annela alishusha mikono. Akasema, “Profesa, hapo ulipo hakuna kwaya. Kwaya iko huku. Njoo.”

Yule mzee akamtazama Bi Virve, Bi Virve akatazama mawingu. Basi akashuka zake jukwaani, akakunja suruali, akavuka reli na majani mabichi, akapita kati ya waimbaji wawili akasimama katikati, mita mbili kutoka kwa Annela. Wakaanza upya. Sijui alisikia nini katika mistari ya kwanza, lakini nilimwona anaufunga mwavuli, polepole, ili matone yasimpigie kelele juu ya kichwa. Akasimama hivyo mvuani mpaka mwisho. Alirudi jukwaani, lakini alipoitwa mwanafunzi wa pili, hakungoja kualikwa. Wenzake wawili nao waliingia kwa zamu.

Wa nne alikuwa Riho, kijana mwoga ambaye mikono humtoka jasho hata Januari. Alikuwa ametulia vizuri, anawashikilia besi wasiingie mapema, mbu akamtua shavuni. Akajipiga kofi. Besi wote, kwa kifua kizima, wakaingia.

Profesa alifumba macho kwa uchungu. Riho aligeuka rangi ya bitiruti. Lakini kutoka jukwaani tulisikia kicheko, kicheko kikubwa cha Bi Virve, ambacho tulikuwa tumekisahau. “Mmeona?” alipaza sauti, akitugeukia mimi na Margus, akitupungia mikono. “Mmeona hao? Kampiga mbu, na besi wamekuja! Rekodi yenu ingekuja?” Margus alicheka mpaka akakaa chini. Riho akaanza tena na akafaulu, mbu na yote.

Watano wote walifaulu. Watahini walikuwa wanafungasha, waimbaji wanajikung’uta maji, Annela akarudi tena mbele ya Bi Virve. Alimnyooshea mkono kuelekea lile duara, kama unavyomkaribisha mgeni nyumbani. Safari hii Bi Virve aliingia.

Hakuongoza. Mikono aliitia mifukoni mwa koti lake la mvua. Annela akawapa wimbo wa zamani wa wachunga kondoo wa Hiiumaa, ule ambao kila mtoto wa kule anaujua. Sisi nje tulisikia vipande vipande tu, kama kawaida. Yeye alisikia yote. Alilia, na sitalipamba jambo hili, alilia wazi kabisa, mabega yanapanda na kushuka, huku kwaya yote ikimtazama na ikiendelea kuimba kwa sababu mkono wa Annela haukushuka. Kisha alikuja kwenye benchi la abiria akatia saini mahali patano. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile wiki ya kununa, nikaishia kumwambia pua yake inachuruzika. Alinielewa.

Basi hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa mwaka mmoja. Ana mengine mengi ya kusifiwa, na Mkuu wa Idara atayasoma kwenye hafla, akiwa na orodha ya vikombe. Kwa niaba ya walimu, wahudumu na wanafunzi wote, namshukuru Bi Virve kwa yote, na hasa kwa kutusumbua pale ambapo kila mtu alikuwa amechoka na alitaka mambo yaishe tu.

Limebaki moja, ambalo hajaniruhusu kuliandika, lakini anastaafu, hana la kunifanya. Anarudi Käina kwenye nyumba ya baba yake. Annela naye anaanza kazi kisiwani mwezi Agosti, na ameshatangaza kwamba ataunda kwaya ya watu wazima, na kwamba amepungukiwa na sauti ya pili. Wiki iliyopita Bi Virve aliomba nafasi. Annela alimsikiliza akiimba, akamshukuru kwa heshima, akamwambia, “Nitakujulisha, mwalimu.” Jamani, nimekaa na mtu huyu ofisi moja miaka yote hii, amesimama mbele ya maelfu bila kutetemeka, lakini siku tatu hizi hakunipa raha. “Unadhani atanichukua, Tiiu? Noti za juu hazikunitoka vizuri. Unadhani atanichukua?”

Jana simu ililia. Amechukuliwa. Mstari wa nyuma, kwa masharti kwamba hatamsahihisha mwongozaji mbele ya watu. Aliweka simu chini akarukaruka ofisini kama msichana.

Bi Virve, umenyanyua mkono miaka thelathini na minne, ukingoja wengine waanze. Nenda salama nyumbani. Tunakuombea afya, miguu mikavu, na jikoni penye moto. Na kila mara kwaya ya Käina itakapokutana, mtu mwingine akunyanyulie mkono, nawe uimbe tu.